Nyumba rafiki wa mazingira: mimi nilianzia mwisho (sola), msirudie kosa langu

Kobe wa Kivule

Wakuu habari za jioni. Huu uzi niliuahidi kitambo kwenye ule mjadala wa bei za sola nikawa naona uvivu kuandika, leo mvua imenifungia ndani ngoja niutoe wote. Ni mrefu, mwenye haraka apite tu hatugombani.

Mwaka 2019 nikahamia kwangu huku Kivule. Vyumba vitatu, tofali za nchi sita, bati la msauzi kahawia iliyoiva maana mama watoto aliipenda na mimi sikubisha, jipsamu ndani, madirisha ya aluminiamu ya kusukuma, nje nikamwaga pavingi kutoka getini mpaka mlangoni, nyasi hata moja hakuna. Watu wakawa wanapita wanapiga picha. Sasa joto! Saa nne usiku unaingia chumbani ukigusa ukuta wa magharibi ni kama umegusa ubavu wa tanuri la mikate. Nikanunua kipima joto cha ukutani kile cha bei chee, nje 28, chumbani 33. Mtoto analala kwenye sakafu bila shuka.

Nikafunga AC. Ikawa inakula uniti tano sita kwa usiku mmoja, na sisi wa tarifu ya kawaida elfu kumi ya LUKU ni uniti 28 tu, pigeni hesabu wenyewe. Ndo nikasema dawa ni sola, nishati safi, nasaidia na mazingira. Panel mbili za wati 300, inveta, betri ya gel ya 200Ah. Fundi akaniambia AC itavuta bila shida bosi. Siku ya kwanza nimekaa kitandani nimejinyoosha kama mfalme, dakika hamsini hazijaisha inveta inalia tiii tiii tiii, giza.

Kumbe hesabu ni ya darasa la saba. Betri ya volti 12 mara ampea-saa 200 (ndo hiyo Ah) ni wati-saa 2,400, na betri ya aina ile hutakiwi kuivuta zaidi ya nusu, kwa hiyo una 1,200. AC yangu ikikoleza inavuta kama wati 1,100. Saa moja imeisha! Na mimi kwa ubishi nikawa naivuta mpaka mwisho kila siku, mwaka na nusu betri ikavimba ikafa. Mpaka leo iko stoo, kilo sitini za risasi na asidi, kuna vijana walikuja wanaitaka wakayeyushe risasi uani kwao nikawanyima, ule moshi na vumbi lake ni sumu kwa watoto. Kwa hiyo mtu wa mazingira mimi nilianza kwa kuzalisha taka mbaya kuliko zote mtaani.

Hoja yangu ni hii: nyumba ya huku pwani rekebisha bati, kivuli na maji kwanza. Sola iwe ya mwisho, ukishapunguza mahitaji, na hapo utanunua ndogo tu inayotosha. Nakuja na nilichofanya, ngoja nikaangalie gata la kukinga maji ya bati.

Mtaa wa Saba

Kwa hiyo insha yote hii unataka kutuambia tupande miti? Hiyo si tulifundishwa shuleni na wimbo tukaimba

Kobe wa Kivule

Mkuu punguza spidi. Ndiyo miti, ila upande GANI ndo swali. Wengi tunapanda miashoki pale mbele ya ukuta imesimama kama askari wa gwaride, mizuri kweli, ila kivuli chake hata mbwa hakimtoshi. Jua linalopika nyumba ya Dar ni la saa tisa mpaka saa kumi na mbili jioni, linapiga ukuta wa magharibi, tofali na plasta vinalibeba halafu usiku vinakurudishia taratibu ukiwa umelala. Kivuli kikae hapo.

Mimi upande ule nina mita mbili tu mpaka kwenye fensi, mwembe hauwezi. Nikachimba mashimo manne nikang'oa pavingi nikapanda migomba, na katikati nikasimamisha nguzo za bomba nikafunga waya nikapandisha pesheni zile za njano. Miezi sita ukuta ulikuwa hauonekani. Migomba inakunywa maji ya kufulia, pesheni tunakamua juisi, jirani anaomba. Mwembe nimeuweka mbele penye nafasi, huo nauandalia wajukuu.

Pili ni bati. Nilipanda juu saa nane mchana nikachungulia darini, nilishuka kama nimetolewa kwenye chungu. Ile hewa imefungiwa haina pa kutokea maana msauzi umefunika pande zote nne. Nikatoboa chini ya upenu pande mbili zinazotazamana, matundu ya futi moja moja, nikaweka nyavu, hewa ikaanza kupita. Halafu bati lenyewe nikalipiga rangi nyeupe ya bati mikono miwili. Mama watoto hakuongea na mimi siku mbili, anasema nyumba imekuwa kama zahanati. Lakini ile saa nne usiku chumbani sasa inasoma 29, 30, na AC inawashwa Januari na Februari basi.

Madirisha sitaki hata kuyaongelea. Dirisha la kusukuma unalipia lote linafunguka nusu. Angekuwepo wa kunishauri mapema ningeweka ya kufunguka nje au hata vioo vya luva kama nyumba za zamani za Ilala. Na hawa wanaojenga zile nyumba za kuficha paa, hazina upenu kabisa, jua linapiga ukuta mzima na mvua inapiga dirishani, mnajenga Kimara mnaota mko Ulaya.

fundi_gata_og

Kobe umeongea ukweli kuhusu hizo za kuficha paa. Mimi nakula hela zangu kwa kuziba uvujaji wa hizo nyumba kila masika kwa hiyo waacheni wajenge hahaha

Weka na ya maji bosi, nasubiri kukosoa

Kobe wa Kivule

Haya maji. Mnakumbuka Oktoba 2022 Mto Ruvu ulivyopungua mji mzima ukaingia kwenye mgao? Nilikuwa nanunua dumu kwa toroli, nimekaa na nyumba ya mamilioni nabembeleza kijana wa toroli asije kunipita. Mwezi wa kumi na moja mvua ikapiga usiku mmoja, asubuhi naangalia maji yanamwagika kutoka kwenye bati yanapita juu ya pavingi yanatoka getini yanaenda kwa jirani wa bondeni, ambaye naye ameamka anatoa maji ndani kwa ndoo. Yaani mimi sina maji, na maji yangu yanamfurikisha mwenzangu. Iliniuma.

Hesabu ya paa ni rahisi sana. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba yangu ni mita 9 kwa 12, mraba 108. Dar tunapata kama milimita 1,100 kwa mwaka, vuli na masika ukijumlisha. Hiyo ni lita laki moja na elfu kumi na nane, toa za kuruka na kupotea, tuseme asilimia 20, zinabaki zaidi ya elfu tisini. Bure. Simtenki la lita 5,000 linajaa kwa milimita 58 hivi, masika ikikolea siku mbili tatu umelijaza.

Nimefunga gata pande mbili, bomba la nchi nne linashuka, na kabla ya kuingia tangini kuna bomba lingine la kusimama la mita mbili lenye kifuniko cha kufungua chini. Maji ya kwanza yanajaza lile kwanza, mita moja ya nchi nne inabeba lita 8, ndo yale yenye vumbi na mavi ya kunguru, na kunguru wa Dar mnawajua. Likijaa maji masafi yanapita kwenda tangini. Mvua ikiisha unafungua kifuniko unamwaga. Maji ya tangi ni ya kufua, choo, kuoga, bustani. Ya kunywa bado nachemsha.

fundi_gata_og

Nyongeza kidogo. Gata usilifunge sawa kama rula, linatakiwa liinamie kwenye bomba, kila mita tatu shusha sentimita moja na nusu. Ukilifunga sawa maji yanalala, majani yanaoza, na mbu wanafurahi. Pili lita 5,000 ni TANI TANO, mtu anamwaga zege la nchi mbili juu ya kifusi anaweka tangi, nimeona moja limeinama mpaka limepasua ukuta wa jikoni. Shindilia, weka mawe, zege la kutosha. Tatu mdomo wa tangi na bomba la kumwagia uwe na nyavu, mbu wa dengi anapenda maji masafi yaliyotulia siyo mitaro, tuliugua sana 2014 na 2019 watu wanalaumu mitaro kumbe mapipa yao.

Na mwenye mwarobaini juu ya paa ajue kusafisha gata kila wiki.

Bajuni Halisi

Salaam aleikum jamaa zangu wa Bongo. Mie niko Mombasa ila asili ni Pate, huko visiwa vya Lamu. Mlivyotaja mvua mmenikumbusha majabia, yale mabirika ya kukinga maji ya mvua walojenga wazee, sakafu ya chokaa imeinama maji yaingie shimoni, kisima kikiwa cha chumvi mji waishi kwa jabia. Hakuna aliyeita ile rafiki wa mazingira, ilikuwa ni maisha. Na nyumba za mawe za Lamu ukuta mnene karibu nusu mita wa mawe ya matumbawe, vichochoro vyembamba nyumba moja yaitilia nyengine kivuli, uwanda wa ndani wa kupitisha hewa. Hivi sasa hapa Mombasa mtu ajenga boma la matofali membamba, ajaza kabro (hizo pavingi zenu) uwanja mzima, akata mti wa mkungu wa babake kwa sababu majani yachafua gari, kisha aja kulia tokeni za umeme zaisha.

Mtaa wa Saba

Hapo kwenye kukata mti kwa ajili ya gari naomba nisitajwe jina

Mama Wawili

Kaka Kobe shikamoo kwanza kama umenizidi umri. Umeongea bati, maji, migomba, jikoni hujafika, na jikoni ndo nyumba inakochafulia mazingira kuliko kote. Wanaume mkisema mazingira mnawaza vitu vya kufunga juu ya paa.

Mimi nilikuwa natumia mkaa na gesi. Mkaa kwa ajili ya maharage na makande, gesi kwa chai na vitu vya haraka, kama wengi. Kilo moja ya mkaa wa tanuri la kienyeji inatokana na kilo tano mpaka kumi za kuni, kwa hiyo gunia moja hapo mlangoni ni lundo la miti uliyoipika msituni nusu yake na zaidi ikapotea moshi. Nikanunua presha kuka ya umeme. Mume wangu akasema hii itatumaliza LUKU. Nikamwambia sawa tupime, nikazima friji na kila kitu, nikaandika namba ya mita, nikaweka kilo moja ya maharage niliyoloweka usiku, yamewiva nikasoma tena. Uniti 0.4. Kwa tarifu ya nyumba yenu nyie wakubwa hiyo ni kama shilingi 140. Mimi niko kwenye ile tarifu ya chini ya uniti 75 kwa mwezi, elfu moja napata uniti nane, kwa hiyo nimepika maharage kwa kama shilingi hamsini. Mkaa wa elfu moja ulikuwa hautoshi.

Siyo kwamba inapika kila kitu. Ugali hapana, chapati hapana, hizo bado gesi. Na lazima nichunge nisipitilize uniti 75 ntaondolewa kwenye bei hiyo. Ila mkaa umeondoka kabisa, sufuria hazina masizi, na kile kikohozi cha mwanangu wa pili usiku kimepungua sana, sisemi ni dawa nasema nilichoona.

Serikali yenyewe toka mwanzo wa 2024 imekataza kuni na mkaa kwenye taasisi zinazolisha watu zaidi ya mia, na wanataka mpaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Maharage yangu yametangulia.

Kobe wa Kivule

Dada marahaba ila tuko sawa tu labda hahaha. Umenipiga pabaya maana kweli kwangu mkaa ulikuwepo mpaka mwaka juzi.

Na umenikumbusha hita ya bafuni. Ile ya papo hapo ni kilowati tano, mtu akioga dakika kumi kala uniti 0.83. Watu wanne kila siku ni uniti 100 kwa mwezi, zaidi ya elfu thelathini na tano. Dar es Salaam jamani, maji ya tangini saa kumi jioni yanatoka ya moto yenyewe! Mimi niliizima kwenye swichi nikasema aliyeibonyeza anunue LUKU. Wa Arusha, Njombe na Makete hamuhusiki, nyie fikirieni ile sola ya kuchemshia maji, hiyo ina faida kuliko panel za umeme.

Na friji za mtumba. Chukua noti, bana kwenye mlango wa friji, ukiivuta ikatoka kirahisi mpira umekufa, friji inapoza sebule yako. Kubadilisha mpira ni hela kidogo. Langu lilikuwa halizimi mchana kutwa mpaka nilipobadili.

chumba_na_sebule

Na sisi wapangaji? Nyumba sita LUKU moja, bafu moja, baba mwenye nyumba hata bomba likivuja anasema subirini. Naona uzi wa wenye nyumba huu

Mama Wawili

Mpangaji mwenzangu (ndiyo mimi nimepanga pia), presha kuka unahama nayo. Taa za LED unahama nazo, wati 9 badala ya yale mabalbu ya 60. Pazia ndani halizuii joto sana, likishapita kioo limeshaingia, funga chandarua cheusi cha vitalu vya miche kwa nje dirisha la magharibi, misumari minne, ukihama unakunja. LUKU ya pamoja hapo tatizo ni mtu mwenye pasi na hita ya ndoo, changeni mita ndogo za kila chumba, mtaona ghafla kila mtu amekuwa mwanamazingira. Nilikopanga zamani tulifanya hivyo ugomvi ukaisha.

Kobe wa Kivule

Hiyo ya mita ndogo naiunga mkono kabisa.

Namalizia na taka halafu nikalale. Ukichambua ndoo ya taka ya nyumba yetu zaidi ya nusu ni maganda, mabaki ya chakula na majani. Tulikuwa tunachanganya yote, linakuja gari la taka linapeleka Pugu Kinyamwezi, au lisipokuja jirani anachoma na plastiki humo humo moshi unaingia kwetu. Sasa mabaki ya wali na ugali ni ya kuku, maganda yanaenda kwenye pipa nililolitoboa pembeni. Mara ya kwanza lilinuka mpaka mjumbe akaja. Kosa langu lilikuwa kujaza maji maji matupu, ukiweka ndoo moja ya jikoni funika na ndoo moja au mbili za majani makavu au maranda, geuza kila wiki, halinuki. Baada ya miezi mitatu minne unatoa mboji nyeusi, unarudisha kwenye migomba. Chupa za plastiki naweka kwenye kiroba nje, wale wanaookota wanapita wenyewe, sidai hela.

Ambacho kimenishinda ni pampasi. Tangu mtoto wa mwisho azaliwe nusu ya ndoo inayobaki ni pampasi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019 tukazoea vikapu, lakini pampasi sijapata jibu. Mama mkwe alileta nepi za kitambaa dazeni mbili, mchana tunatumia, usiku tunasalimu amri. Mwenye njia aseme.

Sola? Nimerudi kwake mwaka jana, ndogo, panel moja na betri ya lithiamu, taa, feni mbili, ruta na kuchajia simu. Umeme ukikatika watoto hata hawajui.

Mtaa wa Saba

Kobe samahani nilikuja na kejeli, nimerudi na shida. Jumamosi nilitoboa upenu kama ulivyosema pande mbili, chumbani kweli kumepoa, ila jana usiku POPO wamejaa darini wanakimbizana, mke kahamia sebuleni. Nyavu nimeweka

Kobe wa Kivule

Nyavu gani mkuu

Mtaa wa Saba

Ya kuku

fundi_gata_og

Hahahaha mkuu popo anapita kwenye tundu la kidole gumba. Weka ile nyavu ya mbu ya chuma, siyo ya plastiki maana panya watatafuna. Na usifunge leo mchana wakiwa ndani wataoza humo, subiri saa moja na nusu jioni wakishatoka kula ndo upande ngazi. Kagua kwanza kama hawana watoto, kama wanao vumilia wiki kadhaa waruke wenyewe

Mtaa wa Saba

Wiki kadhaa?! Nitamwambia nini huyu mwanamke sasa